Trekta Bovu: Kulitengeneza au Kulichinja?

Yapo maswali ambayo watu huyadharau kwa sababu yanahusu vyuma. Mtu akiuliza kama inafaa kumsamehe ndugu aliyemkosea, wazee wataketi hata siku tatu kumjibu. Lakini akiuliza kama trekta lake bovu litengenezwe au liuzwe vipandevipande, ataambiwa, "Muulize fundi." Mimi naona kwamba swali hili la pili nalo linastahili kikao cha wazee. Fundi anajua kilichovunjika na bei ya kukirudisha. Hajui, wala si kazi yake kujua, ni nani atakayekula na nani atakayelala njaa kutokana na uamuzi huo.

Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, pita Dongobesh, pita Endasak, shuka hadi Katesh, utayaona nyuma ya nyumba na chini ya miti. Ni matrekta yaliyosimama. Kuku hutagia kwenye kiti, watoto hucheza udereva, na majani huota katikati ya magurudumu. Mwenye mali ukimwuliza atakujibu kwamba analitafutia spea. Ukirudi baada ya miaka mitano atakupa jibu lilelile, ila safari hii betri imeibwa na matairi yamepasuka kwa jua.

Trekta ninalotaka kulizungumzia ni Massey Ferguson 135 la familia yetu. Kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu, alilinunua likiwa limekwisha kutumika, nami nilichangia sehemu ya bei. Leo wenye haki ndani yake ni wanne: shemeji yangu mjane, wanawe wawili, na mimi. Kijana mkubwa ndiye dereva wake, na maisha yake yote ameyajenga juu ya kazi hiyo ya kulimia watu. Mdogo anaishi Arusha na ana watoto wanaosoma. Msimu uliopita, katikati ya kulima, injini ilianza kutoa moshi mwingi, ikanywa oili kama ng'ombe anywavyo maji, kisha ikagonga na kunyamaza. Fundi alifungua, akatazama, akatupa hesabu mbili. Kulitengeneza kungegharimu bei ya maksai watano wazuri. Kuliuza vipandevipande kungetuletea bei ya maksai wanane. Vijana wa gereji wana neno lao kwa njia hii ya pili. Wao husema "kulichinja".

Kwanza yafaa kueleza mashine hii ni ya namna gani, maana bila kuijua hatuwezi kuitendea haki. Trekta la 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964 katika kiwanda cha Coventry, Uingereza. Yale ya dizeli yaliyotufikia yana injini ya Perkins yenye silinda tatu. Kiwanda kile cha Coventry kilifungwa mwaka 2002, lakini viwanda vya Pakistan na India viliendelea kuunda matrekta ya ukoo huohuo, na ndiyo sababu mpaka leo mtu aweza kwenda mjini akapata pistoni, ringi, nozeli au gasketi za mashine iliyo na umri wa babu.

Tena waliolibuni walijua tangu mwanzo kwamba litachoka. Ndani ya bloku ya injini kila pistoni huenda juu na chini katika bomba la chuma ambalo mafundi wetu huliita silivu. Silivu ikiliwa, husukumwa nje ikaingizwa nyingine, na bloku ikabaki ileile. Krenki nayo, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikikwaruzika hupelekwa kuchongwa ili iwe laini tena, kisha huwekewa beringi nene zaidi kuziba kile kilichopunguzwa. Mafundi huzitaja hatua hizo kwa namba: kumi, ishirini, thelathini, yaani sehemu hizo za elfu moja ya inchi. Baada ya thelathini kwa kawaida hakuna beringi nyingine dukani. Kwa maneno mengine, aliyeiunda krenki aliipa ruhusa ya kukosewa mara tatu na kutengenezwa mara tatu. Krenki yetu, fundi alipoipima, imekwisha kufika ishirini.

Nimeeleza jambo hili kirefu kwa sababu lina fundisho. Wako watu wanaosema kila kitu hutengenezeka, mradi uwe na moyo. Wako wengine wanaosema kitu kikivunjika kitupwe, kwani vipya vimejaa. Krenki inawakanusha wote wawili. Inasema: natengenezeka, lakini kwa kipimo. Mwenye busara hutafuta kujua kwanza amebakiwa na michongo mingapi.

Sasa tuje kwenye hoja zenyewe.

Hoja ya kwanza iliyotolewa kikaoni ilikuwa hii: "Tumekwisha kulitilia fedha nyingi mno, hatuwezi kuliacha." Miaka michache nyuma tulinunua matairi mawili ya nyuma, na baadaye pampu ya dizeli. Hoja hii husikika kila mahali, na haina nguvu. Maji yakimwagika hayazoleki. Fedha ya jana imekwisha kufanya kazi yake ya jana. Matairi yale yamelima ekari zilizolimwa na mahindi yake yameliwa. Kinachotakiwa ni kuangalia mbele: fedha nitakayotoa leo itazaa nini kesho? Mtu anayetupa shilingi njema kuikimbilia shilingi mbaya anajidanganya kwamba anaiheshimu ile ya kwanza, kumbe anaipoteza na ya pili.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kijana mkubwa alisema, "Baba mdogo, hili ni trekta la baba. Tukilichinja ni kama kumzika mara ya pili." Wengi walinyamaza. Nami nilinyamaza kidogo, kisha nikamwuliza ni kitu gani ndani ya trekta lile ambacho baba yake alikigusa. Tukahesabu pamoja. Matairi si yale. Kiti si kile. Pistoni zilibadilishwa, redieta ilibadilishwa, usukani ulibadilishwa, na rangi nyekundu imepakwa upya mara mbili.

Swali hili si geni duniani. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, ameandika juu ya jahazi la shujaa Theseus, ambalo watu wa Athene walilihifadhi kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hata wenye hekima wakabishana kama ni jahazi lilelile au jingine. Baadaye, mwaka 1655, Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza fumbo: je, kama mtu angeziokota zile mbao za zamani zote akaziunganisha tena, jahazi la kweli lingekuwa lipi? Nadhani mafundi wa gereji zetu wangecheka, maana wao huliona fumbo hilo kila wiki. Trekta moja hulima Haydom likiwa na gia boksi iliyotoka Babati na difu iliyotoka Karatu, na hakuna anayekosa usingizi kwa kutolijua jina lake la kweli.

Nilitaka kumwambia kijana kwamba kumbukumbu ya baba yake haimo katika vyuma. Lakini mama yake alinitangulia. Alisema, "Shemeji, wewe unahesabu vyuma. Mimi nahesabu majirani." Kisha akataja nyumba. Marehemu alikuwa na desturi: mvua za kwanza zikinyesha, kabla hajalima shamba la mwenye fedha mkononi, alilima kwanza vishamba vya wajane na wazee wasio na maksai, nao walimlipa baada ya mavuno, kwa fedha au kwa gunia. Wengine hawakulipa. Shemeji alizitaja nyumba saba. Alisema, "Trekta likiondoka, hawa saba watapanga foleni nyuma ya nani?"

Jibu lile lilinifundisha kwamba kumbukumbu iko katika kazi ambayo chuma kilikuwa kikiifanya. Kama kijana angelitengeneza trekta kisha akawalimia wenye fedha tu, angekuwa amehifadhi vyuma na kumsahau baba. Na kama tungeliuza, kisha tukatumia fedha ile kununua maksai wa kulima vishamba vile saba, tungekuwa tumemkumbuka baba bila kuwa na trekta. Kwa hiyo neno "la baba" peke yake haliamui jambo. Linatuuliza tu: mtaiendelezaje ile kazi?

Hoja ya tatu ilitoka upande wa pili. Yule wa Arusha alisema kwa adabu kwamba fungu lake la bei ya maksai wanane lingelipa ada za watoto, na kwamba yeye halimi tena huku. Baadhi ya ndugu walimwona mchoyo. Mimi siwezi kumwita hivyo. Ni rahisi mno kuheshimu kumbukumbu kwa mfuko wa mwenzako. Nawajua watu wanaozuia nyumba ya urithi isiuzwe kwa miaka ishirini kwa ajili ya heshima ya marehemu, huku wao ndio wanaoishi ndani yake na wenzao wakipanga vyumba mjini. Kanuni ninayoiona ya haki ni kwamba anayetaka kitu kibaki ndiye mwenye wajibu wa kuubeba mzigo wa kubaki kwake, au angalau asiwatwishe wasiofaidika nacho.

Tena kuchinja kwenyewe kusitukanwe. Sisi ni watu wa ng'ombe. Maksai aliyevuta plau miaka minane, akachoka, huchinjwa, na nyama yake hugawanywa, huyu akapata hiki na yule kile, wala hakuna anayesema maksai amedhalilishwa. Aibu ni kumwacha afe korongoni na kuliwa na fisi. Ndivyo ilivyo hata kwa trekta. Wakati tunajadiliana, alinijia jirani mmoja wa kijiji cha pili. Analo 135 kama letu, injini yake nzima, lakini gia boksi imevunjika meno, na limesimama tangu mwaka juzi. Mwingine alitaka haidroliki ya kunyanyulia plau. Wa tatu alitaka ekseli ya mbele. Tukilichinja letu moja, huenda matrekta matatu yangeamka. Kwa hesabu ya wilaya nzima, hilo si kuua. Yaweza kuwa ndiyo njia bora ya kuongeza ekari zilizolimwa.

Ila kuchinja nako kuna masharti ya uaminifu. Anayeuza kipande aseme kasoro yake. Krenki iliyochongwa mara mbili isipakwe grisi na kuuzwa kama ya mara moja, kwa sababu mnunuzi hawezi kuiona kwa macho mpaka apate chombo cha kupimia. Na kadi ya trekta lililochinjwa irudishwe ifutwe, isije siku moja ikavalishwa trekta la wizi. Kitu kikigawanywa, ukweli wake usigawanywe na kupotea njiani.

Hapa nikumbushe historia yetu wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, uwanda wa Hanang uligeuzwa kuwa nchi ya ngano. Mashamba saba ya shirika la NAFCO, yakiwa pamoja na Basotu, Setchet na Mulbadaw, yalienea kiasi cha ekari laki moja hivi. Zilikuja mashine kubwa za kulimia na za kuvunia ambazo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuziona. Ngano ililimwa kweli, na nchi ilikula mkate wake. Lakini mashine zile ziliishi kwa vipuri, fedha na utaalamu ambao sehemu yake kubwa ilivuka bahari. Wafadhili walipoondoka, uwezo wa kuzitunza ulipungua, na miaka iliyofuata mashamba yalidhoofika, kisha yakabinafsishwa, na baadhi ya ardhi ikagawiwa wananchi. Nachukua fundisho moja: kutengeneza si tendo la siku moja la fundi mmoja. Ni kamba ndefu yenye fundi, duka, barabara, elimu na akiba. Kamba ikikatika popote, mashine imekufa hata kama chuma chake kinang'aa. Afadhali 135 la zamani ambalo spea zake ziko Babati kuliko jipya ambalo spea yake husubiri meli.

Historia hiyohiyo inatufundisha pia kwamba si kila kitu huchinjwa. Katika kufungua mashamba yale, ndugu zetu Wabarabaig walipoteza malisho yao mazuri, na baadhi ya makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Malisho hayakuwa mashine ya kutolewa kipande hiki na kuachwa kile. Ukiwaondolea wafugaji bonde lenye maji na chumvi ukawaachia mlima, hujawapa nusu ya nchi yao. Umewavunjia yote, kwa maana sehemu ile iliyochukuliwa ndiyo iliyozipa nyingine thamani.

Na hapa niseme neno juu ya binadamu, maana nimekuwa mwalimu na najua jinsi mifano inavyoweza kupotosha. Sisi wazee tuliostaafu hupenda kujilinganisha na mashine kuukuu: magoti yamelegea, macho yamefifia, spea hazipatikani. Ni utani, na uishie hapo. Mtu hana bei ya vipande. Hata pale ambapo mwili wa mtu husaidia mwili wa mwingine, kama katika upandikizaji wa figo ulioanza kufanyika hapa nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, anayetoa hutoa kwa hiari na upendo, bila kuuza. Shuleni pia nilisikia walimu wakisema juu ya mtoto, "Huyu hana faida, tuwekeze kwa wale wazuri." Hiyo ni hesabu ya gereji iliyoingia darasani kwa mlango wa nyuma. Mtoto hatengenezwi ili alipe gharama zake. Naandika haya ili msomaji asichukue kanuni ninazozitafuta kwa trekta akaenda kuzitumia kwa mama yake mgonjwa.

Basi, kwa vyuma tu, nadhani maswali matatu yanatosha. La kwanza: uhai uliobaki ndani ya kitu ni kiasi gani kwa kipimo, si kwa mapenzi? La pili: kikitengenezwa, yuko mtu mwenye ujuzi na nia ya kukitunza? La tatu: nani atapata na nani atapoteza kwa kila njia, na je, wanaopoteza wameulizwa? Kuna na kosa moja ambalo ni baya kuliko njia zote mbili, nalo ni kutoamua. Trekta lililoachwa chini ya mti halitengenezwi wala halichinjwi. Linachinjwa na mvua, kutu na wezi, na nyama yake hailiwi na yeyote. Mwishowe hupimwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Kwa upande wetu, krenki ina mchongo mmoja uliobaki. Mtunzaji yupo, kijana mwenye miaka mingi ya ujuzi. Nyumba saba zinamhitaji. Nilishauri, na kikao kikakubali, kwamba injini itengenezwe mara hii moja, krenki ichongwe thelathini. Lakini kwanza yule wa Arusha alipwe fungu lake lote kwa bei ya kuchinja, ndiyo ile ya juu, ili asichangie kumbukumbu kwa ada za watoto wake. Kijana na mama yake waliuza maksai wawili na ndama mmoja kuanza malipo hayo, na yaliyobaki yatamalizwa baada ya mavuno mawili. Kila ekari itakayolimwa kwa fedha, kiasi kitatengwa. Na tuliandika kwenye karatasi, tukatia sahihi sote wanne, kwamba krenki hii ikifika mwisho wake trekta litachinjwa bila kikao kingine. Niliona ni vizuri tukubaliane juu ya mwisho wakati bado tunapendana, kwa sababu mikutano ya siku ya kuvunjika huwa na maneno makali.

Sidai kwamba tulipata haki yote. Yule jirani mwenye gia boksi iliyovunjika meno alikuja tena, akasikia uamuzi wetu, akanywa chai, akaondoka. Msimu huu atalima kwa jembe la mkono sehemu ya shamba ambalo angelilima lote kwa trekta kama sisi tungechagua njia nyingine. Hakulalamika. Lakini shemeji alipotaja nyumba zake saba, ya huyu haikuwamo, na hakuwapo mtu kikaoni wa kumsemea. Kila tunapochagua kukitunza kilicho chetu, kuna mtu nje ya ua ambaye alikuwa akisubiri kipande chake. Kumjua kwa jina, na kumweleza sababu uso kwa uso, ni deni dogo kabisa tunaloweza kumlipa.